Wakala Asiyesema Hakuna

Mwishowe sabuni ilinitoa ofisini. Katoni zilianza kwa kujaza stoo, zikajaza ujia wa kuendea chooni, kisha asubuhi moja lori la kampuni likasimama tena mlangoni, mahamali wakatazamana, na katoni zikaja kupangwa juu ya meza yangu, juu ya kabati, mpaka zikaziba dirisha. Nilitoa kiti na simu ya kazi nikaenda kukaa barazani. Waliokuja kununua mafuta ya kupikia walinikuta huko nje, nyuma yangu ukuta wa sabuni, nikiwaambia mafuta hakuna. Au tuseme nilitamani kuwaambia hivyo. Wakala hakuruhusu neno hilo litamkwe kwenye stoo yake. Niliwaambia yako njiani.

Nilikuwa karani wake Malindi, kwenye mtaa wa maduka ya jumla. Watu wote walimwita Ami, kama anavyoitwa kila mwanamume wa umri wake mwenye kanzu safi na duka. Mimi moyoni nilimwita Wakala, kwa sababu cheo hicho alikipenda kuliko jina lake.

Kampuni aliyoiwakilisha iko Mombasa na hutengeneza vitu viwili ambavyo kila nyumba huvihitaji, sabuni ya mche na mafuta ya kupikia. Imeigawa pwani vipande vipande, na kila kipande kina wakala wake. Kipande chetu kilianzia Dabaso kikapanda hadi Magarini na Ngomeni. Maduka ya ndani ya eneo hilo hununua kwetu, na wakala wa eneo jingine haruhusiwi kuleta mali humo hata kwa mkokoteni. Akikamatwa, hunyang'anywa eneo lake. Sheria hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kiti cha Wakala, naye aliipangusa vumbi kila Ijumaa.

Zamani aliagiza mali mwenyewe. Alipiga simu Mombasa, akasalimia, akaulizia watoto, akataja anachotaka, kisha akangoja, na kila baada ya siku mbili akapiga tena kubembeleza. Halafu kampuni ikaleta mtambo. Kwetu sisi mtambo ulikuwa ni simu tu, yenye programu ya vitufe viwili, Pokea na Uza. Lori likishusha mali nabonyeza Pokea na kuandika namba ya mzigo. Mali ikitoka nabonyeza Uza. Hesabu zinakwenda Mombasa zenyewe, na huko mtambo huangalia kinachotoka haraka na kinacholala, kisha huamua lori lijalo libebe nini. Hakuna kuagiza wala kubembeleza.

Wakala alikuwa wa kwanza mtaani kuukubali. Wenzake walisita, wengine walisema ni ujasusi, yeye aliweka sahihi siku hiyo hiyo na jioni akapita baraza kwa baraza akijigamba. "Mimi siagizi tena," alisema. "Mimi naagiziwa." Alinunulia simu ile kitambaa cheupe cha kuifunikia, na alipotaka niiguse aliniuliza kwanza kama nimenawa. Naeleza haya kwa sababu baadaye walisema alikuwa mzee aliyepigana na mambo mapya. Si kweli. Aliupenda mtambo, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Sasa niseme juu ya lile neno.

Kwa Wakala kila kitu duniani kilikuwa na hali mbili, kipo au kiko njiani. Kulikuwa na sabuni ya rangi ya maziwa ambayo kampuni iliacha kuitengeneza, na mwenye duka mmoja wa Dabaso aliipenda mno. Kila akija aliiuliza, na kila akiuliza aliambiwa iko njiani. Bwana yule aliendelea kuuliza, mwishowe kwa mzaha, akiingia husema, "Shikamoo Ami, ile yetu imeshafika Mtwapa?" Naye Wakala humjibu bila kucheka, "Marahaba. Imevuka daraja."

Nilimuuliza mara moja kwa nini asiseme ukweli akapumzika. Alinitazama kama niliyeomba ruhusa ya kuvunja kikombe. "Neno hilo mtu huondoka nalo, Bi Karani," alisema. "Akifika kwake halisemi tena vile nilivyolisema mimi. Anasema, kwa yule bwana hakuna kitu."

Na si kwamba alidanganya tu akakaa. Akishasema kitu kiko njiani, aliondoka kwenda kukitafuta. Hapa ndipo ninapopaswa kueleza kilango.

Stoo yetu na stoo ya jirani hapo zamani zilikuwa nyumba moja, na ukuta wa katikati ulikuwa na mlango mdogo wa mbao, wa kuinamia, waliokuwa wakipitia wanawake wa nyumba ile kutembeleana bila kutoka njiani. Nyumba ikawa maduka mawili, kilango kikabaki. Upande wa pili alikuwa Jirani, mfanyabiashara wa jumla asiyekuwa wakala wa mtu, aliyeuza chochote kilichopita mbele yake. Yeye na Wakala walikuwa wakiazimana mali tangu kabla sijaajiriwa. Mmoja akipungukiwa, hugonga kilango, mwenzake hupitisha. Hawakuandika kitu. Kurudisha kulikuwa ni kugonga tena siku nyingine. Mtaa mzima ulifanya biashara hivyo, na mtu aliyekataa kuazima mwenzake alisemwa kuliko aliyeiba.

Jirani alikuwa na mafuta ya kampuni yetu hasa, chapa ile ile, mitungi ile ile. Aliyapata kwa wakala wa Mombasa aliyemuuzia kwa siri, kinyume na ile sheria ya juu ya kiti. Wakala alilijua hilo. Nilidhani atamshtaki. Alichosema ni kwamba Jirani ana wazee wawili wagonjwa ndani.

Basi ikawa hivi. Mafuta yakituishia, Wakala hugonga kilango, Jirani hutupitishia mitungi, na sisi humpitishia sabuni. Sabuni ikitoka ilibidi nibonyeze Uza, maana afisa wa kampuni alikuja kila mwezi kuhesabu stoo, na katoni isiyoonekana ingehesabiwa kwamba mahamali wameiba. Mafuta yakiingia sikuweza kubonyeza Pokea, maana simu ilidai namba ya mzigo na mitungi ya kilangoni haikuwa na namba. Kwa hiyo niliyauza bila simu kujua. Fedha za mafuta zililipia sabuni iliyoandikwa kuwa imeuzwa, hesabu zikalingana, na kila mtu akaridhika.

Isipokuwa mtambo uliamini ulichoambiwa. Kwa kadiri ulivyojua, Malindi watu walikuwa wanafua nguo usiku na mchana, na hawakaangi kitu. Ukaongeza sabuni, ukapunguza mafuta. Mafuta yakapungua, tukagonga kilango zaidi. Tukigonga zaidi, sabuni zaidi ikatoka kwa jina la kuuzwa. Lori lililofuata likaja na sabuni nyingi kuliko lililotangulia na mafuta machache kuliko yale, na sisi tukashusha, tukagonga.

Nililiona hilo mapema, nikamweleza. Nilipanga vifuniko vya soda mezani, hivi sabuni, hivi mafuta, nikamwonyesha vinavyozunguka. Alinisikiliza vizuri sana, kwa adabu, kisha akavikusanya vifuniko akanirudishia. "Mtambo umeona kitu sisi hatujakiona," alisema. "Huenda mvua zinakuja."

Mtu huyu huyu alikuwa bahili. Lazima niliseme ili nisije nikaonekana nachora mtu mkarimu tu. Chai ililetwa kutoka kwake kwenye chupa, naye alitumiminia nusu kikombe, akifunga kifuniko kabla hujashukuru. Feni iliharibika, akasema upepo wa bahari ni bure. Hamali akichana ubavu wa katoni alimkalisha chini akamhutubia, kwa sababu katoni tupu huuzwa. Lakini akiingia mtu wa mtaani akasema, Ami, nishike mkono, sabuni ya kujaza tuktuk iliondoka kwa kutikisa kichwa.

Alikuwa hodari wa kukumbuka watu. Alijua binti wa nani anafanya mtihani Kilifi, mama wa nani kalazwa, shamba la nani Magarini limeingiliwa na nyani. Ukimuuliza mitungi mingapi imebaki, hujibu, "Tupo tupo." Na alitaka hesabu ya simu ifungwe kabla ya sala ya alasiri. Kilichouzwa baada ya hapo aliagiza kiandikwe kesho. "Baada ya alasiri," alisema, "ni mazungumzo." Wateja wengi wa mashambani huja baada ya alasiri.

Afisa wa kampuni alimpelekea maswali kwa maandishi. Wakala alijibu kwa sauti. Alishika simu mbele ya mdomo kama anayetaka kuilisha, akatoa salamu kamili, akaulizia hali ya afisa, wazazi wake, joto la Mombasa, akamuombea dua, na kufika kwenye swali la mafuta pumzi ilikuwa imemwishia. Siku moja afisa alinipigia mimi akaniuliza kwa upole kama naweza kumwambia mzee ajibu ndiyo au la. Nilimwambia. Wakala akatuma ujumbe mrefu wa kueleza kwamba amekubali kujibu kwa ufupi.

Tatizo hili halikuwa la kuchekwa Ngomeni. Huko walikuwapo wateja wetu wa kila juma, mama karanga, ndivyo pwani wanavyoitwa wanawake wanaonunua samaki mashuani, wakakaanga na kuuza. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuchukua mafuta, na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa niaba ya wenzake, mwanamke mrefu, mwenye sauti inayofika kabla yake. Mtungi wa lita ishirini ndio uliompa riziki yake yote. Samaki hangoji. Siku isiyo na mafuta ni siku ya kumtupa samaki au kumuuzia tajiri mwenye barafu kwa bei ya kumchukiza mtu.

Alikuja wakati mimi nimeshahamia barazani. Kilango kilikuwa kimegongwa asubuhi hiyo na Jirani alikuwa amejibu kwa ndani, "Ami, sabuni imenijaa, hata pa kuswalia sina. Nikikupa mafuta utanilipa povu?" Kwa hiyo hatukuwa na hata mtungi mmoja.

Mama karanga alitazama ule ukuta wa sabuni, akanitazama mimi.

"Mafuta," alisema.

Nikasema yako njiani.

"Njia gani?" aliuliza. "Mimi nimetoka Ngomeni kwa njia hiyo hiyo. Sikuyaona."

Mahamali walicheka. Wakala akatoka ndani, akamsalimia, akamuulizia mgongo wake uliokuwa ukimuuma, akamletea kiti. Mama karanga alikataa kuketi. Alimwambia kwamba wenzake wamemtuma achague, waendelee kumngoja Ami au waanze kununua kwa yule anayepita na pikapu kutoka Mombasa, na yeye amemtetea Ami mara mbili na hatamtetea ya tatu. Alisema kwa heshima yote. Kisha akachukua mche mmoja wa sabuni kwenye katoni iliyochanika, akaunusa, akaurudisha.

"Nikaangie hii?" alisema, akaondoka.

Wakala alikirudisha kiti ndani. Nilitegemea kwamba sasa ameelewa. Aliniambia niliandike jina la yule mama juu kabisa kwenye orodha, lori likija awe wa mwanzo kupata. Lori lilikuja na sabuni.

Niwe mwadilifu kwa afisa. Alikuwa kijana wa bara, mwenye haraka lakini si mjeuri, na alikuwa na haki. Alikuja kuhesabu, akashindwa kuingia ofisini kwa sabuni, akaketi nami barazani akauliza maswali ya maana mpaka akaupata ukweli karibu wote. Sikumtajia jina la mtu. Nilimwambia tu kwamba hapa watu huazimana mali na simu haina pa kuliandika hilo. Hakukasirika. Alisema kumbe shida ni ndogo hivyo, na baada ya majuma machache simu yetu ikapata kitufe cha tatu, Azima. Ukikibonyeza, mtambo unajua sabuni imetoka bila kuuzwa, au mafuta yameingia bila lori, na unapanga upya. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kitufe kilitaka mambo mawili tu, jina la uliyeazimana naye na duka lake lilipo.

Afisa alikuja mwenyewe kumfundisha Wakala. Aliketi mbele yake, magoti yakigusana kwa ufinyu wa nafasi, akamwonyesha. Wakala alifuata kila hatua, akasifu rangi ya kitufe, akauliza kama kijana amekula. Afisa akamwambia aandike la kwanza hapo hapo, la mitungi ya mwisho aliyoazima.

"Nimeazima kwa watu," Wakala alisema.

"Watu gani, mzee?"

"Watu wa hapa."

"Inataka jina moja."

"Basi andika jina langu."

Afisa aliweka simu chini. "Mzee, huu mtambo hausomi roho ya mtu," alisema. "Unasoma kile umeuandikia. Usipouandikia, hii sabuni itaendelea kuja, mafuta yataisha kabisa, na wale wakubwa wangu wataona tu eneo halina mafuta. Watalichukua. Mimi sitaweza kukutetea."

Wakala alimshukuru. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampa katoni ya sabuni kama zawadi, na afisa, maskini, akaipokea.

Tulipobaki wawili niliyasema yote niliyokuwa nimeyameza. Nilimwambia kwamba mahamali wana watoto, na mimi nina mama. Wanawake wa Ngomeni wanatupa samaki. Yeye mwenyewe amejenga jina la uwakala maisha yake yote na sasa analitupa kwa sababu ya mtu aliyegoma kutupatia hata mtungi mmoja siku ile ya mama karanga. Nilimwambia Jirani ana duka, hatakufa akikosa mafuta ya magendo.

"Wakiliona jina lake watauliza kayapata wapi," alisema.

"Na wakiuliza?"

"Atafungiwa."

"Na wewe utafungiwa, Ami."

Alikuwa akikunja kile kitambaa cheupe cha simu, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi nitafungiwa na kampuni," alisema. "Yeye atakuwa amefungiwa na mimi."

Nakiri sikulipenda jibu hilo wakati ule, na sina hakika nalipenda leo. Lilikuwa ni jibu zuri la kumaliza mazungumzo, na yeye alikuwa hodari wa hayo. Halikuwapa wale wanawake mafuta. Kuna nyakati nimefikiri kwamba hakuwa akimkinga Jirani hata kidogo, ila hakuweza kuvumilia kusoma kwenye kioo cha simu kwamba kitu alichompa mtu kwa kutikisa kichwa kimekuwa mstari wenye jina na tarehe. Kuna nyakati nimefikiri alingojea tu, kama alivyongojea siku zote, kwamba mafuta kweli yako njiani. Nimemfanyia kazi miaka mingi na siwezi kusema ni lipi.

Kampuni ilichukua eneo. Halikuwa jambo la kelele. Ilikuja barua, kisha watu wawili wakaja kuchukua simu, na Wakala aliwapa ikiwa imefunikwa kitambaa chake. Ile karatasi ya sheria aliibandua mwenyewe, taratibu, isichanike.

Eneo walimpa Jirani. Afisa alinieleza baadaye kwamba wakubwa walitaka mtu mwenye stoo hapo hapo, na walipotuma mtu kupiga picha mtaani, duka la Jirani ndilo lililoonekana limejaa vizuri, mafuta na sabuni. Sabuni ile ilikuwa yetu. Nilimwangalia afisa kuona kama analijua hilo. Uso wake haukuniambia.

Sharti moja la uwakala lilikuwa kilango kizibwe. Jirani alileta fundi na matofali. Wakala alikuwepo, alisimama upande wake akimshikia fundi ndoo ya maji. Jirani aliniajiri mimi na hamali mmoja, na simu ile ile ikarudi mkononi mwangu, bila kitambaa.

Jirani ni mtu mzuri na hubonyeza kila kitu. Kikomo cha alasiri hakipo tena, tunaandika mpaka tunafunga. Mafuta yalirudi, mama karanga akarudi, hakusema kitu juu ya zamani ila alihesabu mitungi yake kwa kuigonga. Kwa miezi ya mwanzo niliona kwamba hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe. Halafu sabuni ikaanza kupungua. Mtambo ulikuwa umebaki na kumbukumbu ya miezi ya mwisho ya Wakala, alipokuwa hata Jirani haitaki sabuni na kilangoni haikutoka hata katoni. Kwa kadiri ulivyojua, Malindi walikuwa wameacha kufua. Afisa anasema utajirekebisha, tuupe muda, na huenda kweli. Lakini mama karanga hakutaka kusikia habari ya muda. Alisimama pale pale aliposimama siku ile, safari hii mbele ya ukuta mtupu.

"Mara hii mafuta mnayo," alisema. "Sabuni hamna. Nyinyi watu mnacheza kombolela, hiki kikitokea kile kinajificha?"

Jirani aliangalia pale kilango kilipokuwa. Kisha akaniambia, bila kunitazama usoni, nichukue tuktuk niende nyumbani kwa Ami.

Sikuwa nimemwona Wakala tangu fundi alipomaliza. Nilimkuta barazani kwake, amekonda, kanzu safi vile vile. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, niliiona sebule imepangwa katoni mpaka darini, na njia nyembamba katikati ya kuendea ndani. Ile sabuni iliyobaki ilikuwa yake, alishailipia. Nimesikia huipeleka kwenye misiba, katoni kwa kila nyumba, na kwamba watu wameanza kumkwepa.

Nilimwamkia, akaitikia, akamuulizia mama yangu, akamuulizia mama karanga na mgongo wake. Alinimiminia chai, nusu kikombe. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, nikaona siwezi, nikasema tu kwamba Jirani amepungukiwa sabuni.

"Ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia za kujaza tuktuk. Alitikisa kichwa. Dereva na mimi tulizitoa, na yeye akasimama mlangoni akituonya tusichane ubavu wa katoni. Tulipomaliza niliketi kwenye tuktuk nikatoa simu. Vitufe vitatu vilikuwa pale. Uza haihusiki. Pokea inataka namba ya mzigo. Azima inataka jina na mahali, na karatasi ya sheria, ambayo sasa imebandikwa juu ya kiti cha Jirani, ina mstari mpya unaosema wakala haazimi mali kwa aliyenyang'anywa eneo. Nikiandika, Jirani ana kesi ya kujibu. Nisipoandika, sabuni hii itauzwa bila mtambo kuiona, nao utazidi kuamini kwamba hatufui.

Wakala alinisogelea, akainama kuchungulia kioo, kama aliyeona simu ile kwa mara ya kwanza.

"Unaiandika vipi, Bi Karani?"

"Sijui, Ami."

Alifikiri. "Andika iko njiani," alisema, wala hakucheka.

Sabuni ile tuliishusha siku hiyo hiyo na ilikwisha kabla ya Ijumaa. Mama karanga alichukua katoni zake, maduka ya Magarini yakachukua zilizobaki. Jirani hajaniuliza niliandika nini, na afisa anakuja kuhesabu mwisho wa mwezi. Kwenye simu, mpaka sasa ninapoandika haya, sabuni ile haijaingia wala haijatoka.